Jumapili ya Mialiko Miwili

Jumbe mlizoniletea wiki iliyopita nimezisoma zote. Mmoja ameniita mnafiki. Mwengine amesema mtu kama mimi hafai hata kuitikiwa salamu. Sina la kujitetea. Someni ya leo, kisha mtaongeza.

Kwa aliyenikuta njiani: mimi ni Ayoub Miraji, mtoto wa Mkunazini, Mji Mkongwe. Nilikuwa mhudumu wa hoteli kule Kendwa. Wageni wakawa wengi kutoka Poland, nikajifunza lugha yao, nikamuoa mmoja wao. Jina lake Agnieszka, kila mtu humwita Aga. Nikahamia kwao, tukapata mtoto wa kiume, Yakub.

Kwa wazee wangu niliapa, kupitia simu ya mama, kuwa mtoto atalelewa Kiislamu. Kwa mama mkwe wangu, Bi Halina, niliapa kuwa mtoto atabatizwa. Kila upande niliuambia kuwa upande wa pili umeridhia, na kila upande ukanishukuru kwa busara zangu.

Kisha Bi Halina akaja na wazo lake. Mtoto abatizwe Unguja, mbele ya jamaa zangu, familia mbili zipate kujuana. Hapo ndipo palipokuwa pa kusema ukweli. Mimi nikakata tiketi.

Wiki iliyopita nilikuachieni uwanja wa ndege. Baba yangu, ambaye hakunisemesha miaka mitatu tangu nihame, alimpokea mjukuu wake mikononi akamwadhinia sikioni palepale mbele ya mizigo. Bi Halina akaniuliza mzee anamnong'oneza nini mtoto. Nilimwambia anamwimbia.

Baba alikuwa amerudi kwangu kwa ajili ya mtoto yule, si kwa ajili yangu. Nilijua kuwa nikimpoteza mara ya pili sitompata tena. Liwekeni hilo moyoni, maana ndilo lililonifanya nizidi kudanganya.

Sasa Ijumaa.

Tumerudi msikitini, tumekaa kula. Aga alikuwa juu anamlaza mtoto. Katika nyumba yetu mkalimani alikuwa mmoja tu, mimi. Wazee wangu hawajui Kipoland, Bi Halina hajui Kiswahili, na Aga, kwa nilivyojua mimi, hakuvuka "ahsante" na "chakula kitamu".

"Mwambie Bibi," baba alisema, "Jumapili baada ya alasiri tutamfanyia mtoto akika. Tutamnyoa nywele, tuzipime, na fedha ya uzito wake tuwape masikini. Na mbuzi wawili. Mwambie mifupa haivunjwi, hutenganishwa kwenye viungo, ili mtoto naye awe mzima wa viungo vyake. Mwambie vizuri afahamu."

Nikamgeukia Bi Halina. "Baba anasema Jumapili, baada ya kanisa, kutakuwa na karamu nyumbani."

Bi Halina akafurahi mpaka mashavu yakamuiva. Akafungua mkoba wake, akatoa kanzu ndogo nyeupe iliyokunjwa ndani ya karatasi laini.

"Mwambie kuwa Aga alibatizwa ndani ya nguo hii. Mama yangu aliitarizi kwa mkono wake."

Nikawageukia wazee wangu. "Anasema amemletea mtoto nguo ya akika. Ni ya ukoo wao."

"Kumbe na kwao wanayo," mama yangu, Bi Tahiya, akasema. Alifurahi kweli. "Nawe hukutwambia."

Baba aliomba aishike. Lazima mjue kazi ya baba yangu: hufunga upya misahafu iliyochakaa. Misikiti ya mji mzima humletea, yeye huifumua, akaishona, akaitia jalada. Macho yake yamepungua nuru siku hizi, vidole ndivyo vinavyomwonea.

Vidole vikapita kolani, vikashuka kifuani, vikasita.

"Hapa pametarizwa nini?"

"Ua, baba."

"Ua." Akapitisha tena kidole, taratibu, huku na huku. "Ua la ncha nne."

"Maua ya kwao ndivyo yalivyo."

Baba akaikunja nguo ile kwenye mikunjo yake ileile, akamrudishia Bi Halina kwa mikono miwili. "Mwambie mama yake alikuwa fundi," akasema. Baada ya hapo hakula tena. Sikumuuliza kwa nini, nilishukuru tu kwamba yamepita.

Jumamosi asubuhi mimi na Aga tulikwenda ofisi ya kanisa, vichochoro vitatu kutoka kwetu. Padri alikuwa mtu mzima, mpole, anasema pole pole. Alikuwa na barua kutoka kanisa la kwao Aga, na fomu ya wazazi kutia sahihi.

"Wewe ni Muislamu," akaniambia. "Wazee wako wapo hapahapa Mkunazini?"

"Wapo, Padri."

"Wanajua kuhusu kesho?"

"Wanajua."

"Na wameridhia? Nakuuliza kwa sababu sisi na jirani zetu tunaishi vizuri. Sitaki jambo hili limuudhi mtu."

"Wameridhia, Padri. Wamefurahi."

Nikatia sahihi. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo linanitisha zaidi ninapolikumbuka sasa. Tulipotoka Aga alinishika mkono. Akaniuliza kwa Kipoland, kwa mara ya tatu tangu tufike, "Baba yako kweli anajua?"

"Anajua."

"Na hii akika ni nini?"

"Sherehe ya familia. Baada ya kanisa."

Akanibusu shavuni palepale njiani, na mimi nikaona haya ya watu kuniona. Ya kumdanganya sikuyaona.

Tuliporudi nyumbani tulipishana mlangoni na Bi Mwanamkasi, anatoka. Kwetu kadi za mwaliko ni za watu wa maofisini. Mtu wa mtaani akiwa na shughuli humtuma Bi Mwanamkasi, naye huingia nyumba moja moja: hodi, nimetumwa na fulani, anakwambieni siku fulani kuna jambo lake, mnaombwa mfike. Hufikisha kama alivyopewa. Haongezi neno wala hapunguzi, na hiyo ndiyo heshima yake miaka thelathini. Ukialikwa na Bi Mwanamkasi nawe usende, watu watakununia mwaka mzima.

"Shikamoo, Bi Mwanamkasi."

"Marahaba mwanangu. Leo kazi ipo." Akapita na mwavuli wake.

Ndani mama alikuwa anachambua mchele. "Jaku alikuja kukuangalia," akasema. Jaku tulifanya kazi pamoja Kendwa. Siku hizi ana gari, anatembeza wageni, na Kipoland anakijua kuliko mimi. "Kakaa na mkweo, wanasema hiyo lugha yenu, kicheko juu ya kicheko. Nilipokwisha kumtuma Bi Mwanamkasi mialiko ya akika, wao nao wakamwita wakamweleza mambo."

"Mambo gani?"

"Mie nilikuwa jikoni. Muulize mwenyewe."

Nilimuuliza Bi Halina. Akaweka kidole mdomoni. "Siri. Utaona kesho. Yule Jaku kijana mzuri, amenisaidia sana."

Nilidhani ni zawadi. Pengine kanga kwa ajili ya mama, pengine keki. Nilikuwa na uongo wangu wa kuulinda, sikuwa na nafasi ya kufuatilia siri ya mwanamke mzima aliyefurahi.

Alasiri nilitoka kununua mkaa. Jirani yetu Bi Maisara, aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, aliitikia salamu yangu kwa kichwa tu. Wanawake wawili waliokuwa wakisema wakanyamaza nilipofika, wakaendelea nilipopita. Sikujua kuwa mtaa mzima ulikuwa umeshaalikwa, na kwamba kila mmoja alikuwa anamngoja mwenziwe ndiye aulize. Mama yangu peke yake ndiye hakupelekewa mwaliko, maana nani anamwalika mwenye shughuli?

Jumapili.

Mbuzi walichinjwa uani baada ya sala ya alfajiri, kwa niaba ya Yakub mtoto wa Ayoub. Baba alichinja mwenyewe. Mama na majirani wawili walikuwa jikoni tangu hapo.

Saa mbili na nusu tukashuka ngazi: mimi, Aga na mtoto, Bi Halina amevaa gauni la buluu na mkufu. Mtoto amevaa ile kanzu nyeupe. Baba alikuwa amechutama kwenye bomba la uani ananawa mikono.

"Mnakwenda wapi?"

"Kumwonyesha Bibi mji, baba. Tutarudi kabla ya adhuhuri."

"Na mtoto kavishwa ile nguo."

"Mama yake kapenda."

"Ayoub."

"Naam."

"Huna neno la kunambia kabla hujatoka?"

Maji yalikuwa yanatiririka. Aga alikuwa ameshafika mlangoni, ananingoja. Ningeweza kusema. Baba alikuwa amenifungulia mlango mkubwa kabisa, nilichotakiwa ni kuingia.

"Sina, baba."

Akatia tena mikono kwenye maji, ingawa ilikuwa safi.

Tulipokunja kona ya tatu niliona buibui. Nikadhani kuna msiba. Walikuwa wanawake thelathini au zaidi, wamejipanga kivulini ng'ambo ya lango la kanisa, nguo za kutokea, wamejifukiza udi, wengine wameshika mabakuli ya zawadi. Walikuwa hawajui waingie au wasiingie. Mbele yao kasimama Bi Mwanamkasi, na pembeni gari ya Jaku, na Jaku mwenyewe kaiegemea.

Bi Halina akaikunjua mikono yake. "Wamekuja!" akasema. "Ayoub, ona, wote wamekuja!" Machozi yalikuwa yanamlenga.

Nikamwendea Bi Mwanamkasi.

"Bi Mwanamkasi, hapa pana nini?"

"Nimealika kama nilivyotumwa," akanijibu. "Saa tatu kanisani, kwa Bi Halina. Baada ya alasiri nyumbani, kwa Bi Tahiya. Jaku ndiye aliyenifasiria. Nyumba arubaini na mbili nimeingia, kote nimeyasema yote mawili."

Kabla sijajua la kufanya, mama akatokea kichochoroni, kanga kichwani, mikono ina unga wa binzari. Nyuma yake baba. Alikuwa amebadilisha kanzu.

"Ayoub," mama akasema, anahema. "Bi Maisara kanijia jikoni, ananiuliza mbona sijatoka kwenda kanisani. Kanisani kuna nini?"

Alimtazama mtoto na nguo yake, akautazama mlango wa kanisa uliokuwa wazi, akanitazama mimi. Sikuhitaji kumjibu tena.

"Mwache," baba akasema. "Kuna ua la ncha nne." Akasogea mpaka karibu yangu. Hakupaza sauti. "Miaka arubaini nashika sindano, Ayoub. Unadhani msalaba mie siujui? Tangu Ijumaa najua. Nimekupa siku mbili unambie mwenyewe. Na leo asubuhi nimekuuliza."

"Baba…"

"Anasema nini?" Bi Halina akaniuliza kwa Kipoland. Tabasamu lilikuwa linamtoka usoni kidogo kidogo.

"Mfasirie," baba akaniambia. "Neno kwa neno. Jaku yupo, atanisikilizia. Mwambie sina ugomvi naye. Kaja kwangu na nguo ya mama yake, nami nimempokea. Lakini mwambie mie sikuambiwa. Ningeambiwa ningekataa, na tungekataana kiungwana, kila mtu akajua lake."

Nikafasiri. Tangu tutue uwanja wa ndege, hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyofasiri sawasawa.

"Hawakujua?" Bi Halina akasema.

"Hawakujua."

"Uliniambia baba yako mwenyewe ndiye aliyeichagua siku."

"Nilisema uongo."

Bi Halina akamgeukia baba. Kisha akasema, "Mwambie baba yako naona haya kusimama mbele yake."

Nikafasiri na hilo. Baba akaweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa kidogo kwa Bi Halina, naye Bi Halina akafanya vilevile. Hivyo ndivyo wazee hawa wawili walivyosikilizana. Nilikuwa nimewasafirisha nusu ya dunia ili wapatane, na kilichowapatanisha ni kuniona mimi ni muongo.

"Mie sitogombania mtoto mlangoni mwa watu," baba akasema. "Akika ipo palepale, mbuzi wameshachinjwa. Alasiri mama yake akimleta, nitamnyoa nywele. Wewe usije."

Nilifasiri. Jaku alikuwa anaitazama ardhi.

Bi Halina akajibu, "Mimi naingia ndani kuzungumza na Padri. Nitamweleza yote, aamue yeye. Wewe baki nje." Hilo nililifasiri pia, kwa baba, kwa sauti yangu mwenyewe.

Aga alikuwa amemkumbatia mtoto, ananitazama mdomo tu. Kisha akafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa Kiswahili.

"Ulisema baba anajua."

Wanawake wote wakageuka. Alikuwa anasema pole pole, kila neno analitafuta kwanza.

"Nimekuuliza mara tatu. Ayoub, mwaka mzima najifunza Kiswahili kwenye simu, wewe ukiwa kazini. Sikukuambia. Leo, baada ya kanisa, nilitaka kumwambia baba yako mimi mwenyewe, bila wewe: ahsante kwa kukubali."

Mama akajifunika uso na kanga. Mimi nilitamani Aga angenitukana, kwa lugha yoyote, ili nipate la kumjibu.

Mtoto akaanza kulia. "Ana njaa," Aga akasema, akaingia ndani kwa mlango wa pembeni. Bi Mwanamkasi alimfuata, kamshikia mkoba wa vitu vya mtoto. Bi Halina akaingia kwa mlango mkubwa. Baba akamshika mama mkono wakarudi nyumbani, na wanawake wakatawanyika mmoja mmoja na mabakuli yao, bila kuniaga.

Nikakaa kwenye baraza ya ng'ambo, peke yangu. Kengele ikalia. Nilifikiri: nitangoja. Atoke kanisani au aende kwa baba, lazima apite hapa, nami nitampigia magoti.

Ilipita nusu saa, ikapita saa nzima.

Mama ndiye aliyekuja kwanza, kashika bakuli limefunikwa. Hakunitazama. "Nimemletea mke wako uji. Ananyonyesha, na asubuhi hakula. Yumo ndani?"

"Yumo, mama."

Wakati uleule Bi Halina akatoka kwenye mlango mkubwa. "Aga yuko wapi?" akaniuliza. "Mimi na Padri tunamngoja. Nilidhani amekwenda kwa baba yako."

Nikasimama. Nikaingia ndani kwa mlango wa pembeni, nikakuta chumba kidogo chenye viti viwili na mlango wa nyuma uko wazi. Juu ya kiti ilikuwapo ile kanzu nyeupe, imekunjwa vizuri.

Nikampigia simu. Haipatikani. Nikatoka nje mbio, nikatazama pale ilipokuwa gari ya Jaku. Haikuwapo; macho yangu yote yalikuwa kwenye milango ya kanisa, sikuiona ikiondoka. Nikakumbuka kuwa pasipoti ya mtoto ilikuwa ndani ya mkoba ule aliouchukua Bi Mwanamkasi.

Naye Bi Mwanamkasi alikuwa anakuja kichochoroni, hana haraka, mwavuli mkononi. Alinijia moja kwa moja. Hapakuwa na mlango mbele yake, lakini alisimama kama anavyosimama mlangoni mwa watu.

"Hodi," akasema. "Nimetumwa na mkeo. Nakufikishia kama nilivyopewa, siongezi wala sipunguzi. Anasema: mtoto kanisani haingii, na kwenye akika haletwi. Anasema mama yake na wazee wako wamuwie radhi. Anasema atakapokuwa mkubwa atachagua mwenyewe, na siku hiyo watu wataalikwa. Anasema wewe humo."

Uji ulimwagika kwenye mkono wa mama, naye hakuutoa mkono.

"Anasema nini?" Bi Halina alinivuta mkono wa shati. "Ayoub, huyu mama anasema nini?"

Badala ya kumfasiria nikamshika Bi Mwanamkasi mwavuli wake, mimi mtu mzima, kama mtoto anayeng'ang'ania.

"Wamekwenda wapi, Bi Mwanamkasi? Nambie, nakuomba. Uwanja wa ndege? Bandarini? Kendwa? Wamekwenda wapi?"

Akauvuta mwavuli wake kutoka mkononi mwangu, taratibu, akaufungua juu ya kichwa chake.

"Hilo," akasema, "sikutumwa."